Nilivyomkimbia Mama Mkwe na Wazungu Wawili Nyuma Yangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama ziwani, maji kiunoni, nikiitazama kofia yangu nyeusi ya Kasenga ikielea kwenda kisiwani kwetu Chisenga bila mimi. Mtumbwi ulikuwa umeshazama. Ndani yake kilikuwamo kitenge kipya cha kumpa mama mkwe. Nadhani samaki wa Mweru sasa wanavaa vizuri kuliko mimi.

Kwa ambao hamkusoma, na mna bahati yenu, naitwa Davison Kalaba. Mwaka ule wa 1956 nilikuwa na mke anayeitwa Rosaria, ambaye nilikuwa naye na sikuwa naye.

Kwetu Mweru mwanamume akioa habebi mke akaenda zake. Anakaa kwa wakwe, analima. Na muda wote huo hakutani na mama mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye hata neno. Wakionana njiani, mmoja anaingia majanini. Inakuwa hivyo mpaka siku mama mwenyewe anapomwita nyumbani, anampikia, wanaonana. Hiyo tunaita kuingishwa. Ukishaingishwa, chukua mkeo, nenda utakako.

Mimi nilikuwa nimelima miaka mitatu. Mihogo ya mama yule ilikuwa imenenepa kwa jasho langu, na uso wake siujui. Nilichokijua ni kitambaa chake chekundu cha kichwani. Nikiona chekundu kwa mbali, nageuka. Yeye naye alinijua kwa kofia yangu nyeusi, na akiiona anageukia upande wake. Tuliishi kwa amani kubwa, kofia na kitambaa. Jina lake silitaji hapa. Adabu ni adabu hata gazetini.

Kuingishwa kwangu kulikuwa Jumamosi, na siku ninayowasimulia ilikuwa Alhamisi. Usiende mikono mitupu, ndiyo desturi. Mimi mikono nilikuwa nayo, basi.

Ndipo akaja Misheck.

Misheck alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali. Ni mtu wa Kawambwa, mgeni hapa Nchelenge, hajui nani mkwe wa nani. Alinikuta naanika suruali yangu ya pekee, akaniambia kuna Wazungu wawili wamefika kutoka Elizabetvili, mume na mke. Wana kitabu. Kitabu kinasema huku kuna mji wa kale kando ya mto, nao wanataka kuutembelea kwa miguu, hatua kwa hatua, na mtu wa kuwaeleza. Wanasema Kiswahili cha Kongo, na mimi nilifanya kazi Kasenga, ng'ambo ya Kongo, kwa hiyo mtu huyo ni mimi.

Nilimuuliza mji gani wa kale. Nchelenge ilikuwa na duka, soko, kanisa, mitumbwi na harufu ya samaki. Kitu cha zamani kuliko vyote kilikuwa paa la duka.

“Weye sema tu,” Misheck akaniambia. “Madamu iko na kitenge ya mupya mu sanduku. Atakupa.”

Baada ya hapo hata angeniambia niwaonyeshe bahari ningewaonyesha.

Akaongeza kwamba mwisho wa matembezi, pale mitumbwi inapofikia, amewatafutia mama mmoja wa hapa, mtu mzima, wa kuulizwa mambo ya zamani na kupigwa picha. Sikuuliza ni mama gani. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku hiyo, na ilikuwa bado hata saa tatu.

Bwana alikuwa mrefu, mwekundu, kitabu kwapani. Madamu alikuwa na kamera shingoni na daftari mkononi. Bwana aliponiona kichwa wazi juani alinionea huruma, akanivika kofia yake ya pili, ile ngumu nyeupe ya kizungu. Ilinifika masikioni. Nikatoka pale juu Mzungu, chini mtu aliyeokolewa majini.

“Alor, muto iko wapi?” Bwana akaniuliza. “Kitabu inasema muji iko pembeni ya muto.”

Nikawapeleka kwenye kile kijito ambapo wanawake wanaloweka mihogo.

“Njo huu, Bwana. Zamani ulikuwa mukubwa. Sasa ulichoka.” Njo ni ndio, kwa Kiswahili hicho.

Bwana akautazama mto. Bata alikuwa anauvuka kwa miguu. Bwana akafungua kitabu, akakifunga, akasema bon, yaani sawa. Madamu akaandika.

Nilikuwa nimepanga njia rahisi sana. Kutoka kijitoni mpaka dukani, dukani mpaka kanisani, kanisani mpaka kwenye mitumbwi, barabara moja iliyonyooka. Kila tutakapofika nitaweka uongo mmoja mdogo, saa nzima haiishi, kitenge hicho kwapani, Jumamosi naingishwa. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa na mpango.

Tulipolikaribia duka nikaona chekundu.

Kilikuwa kinakuja moja kwa moja katikati ya barabara, haraka. Miguu yangu haikuniuliza. Iligeuka kushoto, nami nikaifuata, na Wazungu wakanifuata mimi, na sote tukajikuta nyuma ya vyoo vya soko.

Tukasimama. Madamu akaweka leso puani. Walikuwa wananingojea niseme.

“Hapa njo mulango ya muji ya zamani,” nikasema. “Adui alikuwa nakuya mpaka hapa, anarudia.”

Bwana akavuta pumzi kidogo, akasema anaamini.

Nikachungulia. Chekundu kilikuwa kimefika kwenye kona ya soko, kinageuza kichwa huku na huku, kinatafuta. Miaka mitatu mama mkwe ananikwepa, na leo ananitafuta? Mama mkwe hamtafuti mtu mpaka awe na neno zito la kusema, na neno hilo sikutaka kulisikia.

Mnacheka, najua. Lakini nilikuwa naogopa kweli. Kila jioni kwa miaka mitatu Rosaria ameniletea ubwali, ndio ugali wa kwetu, amekaa pembeni mpaka nimalize, ananisimulia habari za siku kana kwamba nimerudi kutoka safari ya mbali. Jana yake nilimwambia kitenge kimezama. Hakunigombeza. Alisema bado siku tatu, Mungu atatusaidia, akachukua sahani. Mwanamke wa namna hiyo nimkose kwa sababu ya kukutana njiani na mama yake?

Tukakimbia. Yaani mimi nilikimbia, Wazungu wakafikiri ndivyo mji wa kale unavyotembelewa.

Tulirudi kijitoni kwa njia ya chini, kwenye mashimo yenyewe ya mihogo. Bwana akaingia kwenye shimo mpaka gotini. Nikamwambia ana bahati, kwani hapo ndipo wake wa mfalme walikuwa wanaoga. Madamu akauliza mbona panaoza hivi. Nikajibu ilikuwa dawa ya ngozi.

Mwenye shimo, Ennie, akatoka nyumbani kwake na mpini wa jembe. Akauliza kwa Kibemba ni mpumbavu gani anakanyaga chakula cha watoto wake.

“Anasema karibuni sana,” nikawatafsiria.

Bwana akavua kofia, akamwinamia Ennie, akamshukuru kwa mapokezi. Ennie alibaki ameduwaa na mpini wake. Kabla hajapata akili, nikaona chekundu tena, ng'ambo ya kijito. Safari hii kilinyoosha mkono hewani na kuupunga, kwa nguvu. Hasira tupu, nikasema moyoni. Mama amenichoka hata kabla hajaniona.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka tulipita katikati ya ua wa matete wa mzee Chabu, nikisema ni ngome. Nakumbuka kichuguu, ambacho Bwana alikipanda kwa mikono na miguu kwa sababu nilimwambia walinzi walikuwa wanakaa juu yake. Siafu waliokuwamo walimpokea. Madamu alijaza daftari, akageuza upande wa pili. Na kila nilipotazama nyuma, chekundu kilikuwa kinakuja.

Basi tukatokea kwenye mitumbwi, sisi watatu, tumechanika, jua limesimama kichwani. Nikatazama nyuma. Chekundu hakikuonekana. Nilikuwa nimemshinda mama mkwe mbio.

Yule mama aliyetafutwa na Misheck alikuwa anatungoja kwenye kigoda, karibu na chanja za kukaushia samaki. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Misheck alimwonyesha Madamu, akasema huyu njo mama, akakimbilia sufuria zake.

Nilifurahi kumwona, jamani. Nilichuchumaa, nikapiga makofi kama inavyotakiwa, nikasema mwapoleni mukwai, nikamtazama usoni vizuri. Uso mzuri, mkali, wa mtu anayejua kwamba ni mkali. Akaitikia eya mukwai, akanionyesha nikae mkekani, hatua moja kutoka magotini pake. Nikakaa.

Madamu akauliza, nami nikatafsiri, kwamba zamani hapa kulikuwa na nini. Mama akajibu kwa Kibemba kwamba kulikuwa na matete, mbu na mamba, na mbu ndio waliokuwa wakubwa. Nikamwambia Madamu anasema kulikuwa na jumba la mfalme, askari na ngoma. Mama alinitupia jicho.

Madamu akauliza tena. Na sasa, taabu kubwa ya mama ni nini?

Hilo hakuhitaji kulifikiria. Taabu yake, alisema, ni mkwe. Amekuja kutoka Chisenga na mdomo na kofia nyeusi. Miaka mitatu anamlimia, na miaka mitatu anapanda miti ya mihogo kichwa chini, hata inabidi yeye mwenyewe aende nyuma yake kuing'oa na kuipanda upya. Jumamosi ni siku ya kumwingisha. Yeye ameshaamua. Atamwekea chungu kimefunikwa vizuri, mkwe atafunua, atakuta maji matupu. Aende zake. Na Rosaria wake hatoki hapa.

Akina Rosaria wako wengi kando ya Mweru. Mwenye mume wa Chisenga, wa kofia nyeusi, anayepanda mihogo kichwa chini, ni mmoja.

Niliona baridi, juani, ndani ya kofia ya kizungu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mama mkwe wangu. Nilikuwa nimemtazama usoni. Nilikuwa nimemsalimia, akaitikia. Na mihogo ile, kumbe haikunenepa kwa jasho langu hata kidogo.

Yeye hakunitambua. Angenitambuaje? Alikuwa anajua kofia, na kofia iko Chisenga.

“Mama anasema nini?” Madamu akauliza. Kalamu ilikuwa tayari.

Nikaivuta ile kofia ngumu mpaka kwenye nyusi.

“Mama anasema haina taabu,” nikasema. “Iko na mukwe muzuri sana. Mutu ya kazi. Anamulimia, anamuheshimu. Siku ya posho atamupikia kuku.”

Siku ya posho ndiyo Jumamosi, kwa watu wa Kongo. Madamu akatabasamu, akaandika kuku.

Ndipo mama akageuka kwenye kigoda chake, akamwambia Madamu kwa Kiswahili safi cha kuuzia samaki:

“Haina vile, Madamu. Uyu kijana anasema bongo.”

Bongo ndio uongo, huku kwetu. Nilikuwa nimesahau kwamba mama huyu anawauzia samaki wachuuzi wa Kongo tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa amesikia yote. Jumba, askari, ngoma, kuku.

“Ju ya nini unageuza maneno yangu?” akaniuliza, kwa Kiswahili kilekile, ili wageni wasikie. “Ule mukwe, unamujua?”

Nilitazama mkeka. Nilitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuupata. Nilikuwa nimeumaliza wote njiani.

“Mama, haifai kumutukana mukwe mbele ya bageni,” nikasema. “Naye ni mutoto ya mutu.”

Akanitazama kuanzia kofia mpaka miguuni. Nikajiambia basi, sasa atanivua kofia hii.

“Umesikia, Madamu?” mama akasema taratibu. “Uyu njo mutu balimufunza kwabo. Anatetea mutu hamujue.”

Madamu alikuwa na machozi. Alifungua mkoba, akatoa kitenge, kipya, cha bluu chenye ndege wa njano, kile nilichokimbilia tangu asubuhi. Akampa mama.

Mama akakitandaza magotini, akakisifu. Nami nikakitazama. Kitenge cha kumpa mama mkwe kilikuwa kimemfikia mama mkwe, tena siku mbili kabla ya wakati. Kiliniruka mimi tu. Madamu naye si mtu wa kumsahau aliyemtumikia, akanipa kopo la sadini. Mtu wa Mweru, nimezungukwa na chanja za samaki pande zote, nikapewa samaki wa kopo. Nikasema aksanti.

“Na weye,” mama akaniuliza, “uko na muke?”

Nikisema ninaye, atauliza mtoto wa nani. Nikisema sina, nimemkana Rosaria mbele ya mama yake mzazi. Nikajibu kwamba nilikuwa nimekaribia kuwa naye. Hilo lilikuwa kweli tupu.

Mama akacheka. Sikuwahi kujua kwamba anacheka.

“Siku ya posho ukuye kwangu,” akasema. “Ule ya kofia nyeusi atakuta mayi mu chungu. Weye utakuta kuku. Mutoto yangu ataona yeye mwenyewe nani anafaa.”

Niwe mkweli kwenu, kwa muda mfupi nilifurahi kwamba nimemshinda yule mjinga wa Chisenga. Kisha nikakumbuka yule mjinga ni nani.

Nilikuwa nainuka niage, niende zangu nikafikiri. Ndipo chekundu kikatokea nyuma ya chanja.

Miguu yangu ilishaanza kugeuka, kwa mazoea ya miaka mitatu. Nikaizuia. Mama mkwe yuko hapa kwenye kigoda. Sasa kule ndani ya kitambaa chake kuna nani?

Alikuwa Rosaria. Matope mpaka magotini, anahema, majani kwenye mabega.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mama ameazima kitambaa cheupe cha binti yake apendeze kwenye picha, binti akabaki na chekundu cha mama. Rosaria amesikia ni nani atakayewaongoza Wazungu. Amekuja mbio kunionya nisifike kwenye mitumbwi. Mke wa kwetu hapigi kelele kumwita mumewe kwa jina barabarani, kwa hiyo alipunga mkono. Nami nikamkimbia asubuhi nzima, vyooni, mashimoni, uani kwa Chabu, na Wazungu wawili nyuma yangu, mpaka nikafika magotini pa mama yake.

Akasimama. Aliniona nilipokuwa. Mkono ukaenda mdomoni, ukashuka.

“Umekuya vizuri,” mama yake akamwambia. Alikuwa bado na Kiswahili mdomoni, kwa heshima ya wageni. “Uyu kijana ya kofia ya kizungu. Unamujua?”

Rosaria akanitazama. Akatazama kofia, akatazama kitenge magotini pa mama, akatazama sadini mkononi mwangu. Akisema ananijua, basi mama amekaa na mkwe mkeka mmoja, amemtukana masikioni mwake, amecheka naye mbele ya wageni kabla ya kumwingisha. Aibu hiyo haioshwi na kuku hata kumi, na mimi ndoa yangu imekwisha hapohapo. Nilitaka kumwambia kwa macho aseme nini, lakini kofia ilikuwa imeniziba macho.

Madamu akainua kamera.

“Simujue, mama,” Rosaria akasema.

Alisema vizuri mno. Hakutetemeka, hakunikonyeza. Alisogea akanyoosha pindo la kitenge magotini pa mama yake, akaulizia bei yake. Nilijua ameniokoa. Au tuseme nilikaribia kujua hivyo. Lakini miaka mitatu ya kubebewa ubwali jioni, na neno lile likatoka laini namna ile, nilihisi limenichoma kifuani.

“Haina neno,” mama akasema, akikunja kitenge. “Siku ya posho mutajuana.”

Kisha akanigeukia mimi na kunishika mkono, kama mtu anayeagana na mtoto wake.

“Ukuye mapema,” akaniambia. “Mbele ule ya kofia nyeusi afike.”